Vyumba vitatu, kompresa moja: thamostati zilipofungwa kwenye waya mmoja

Nyanya iliyopigwa na baridi haijulikani siku ile ile. Inatoka chumbani ngumu na ya kijani kama ilivyoingia, inapakiwa, inafika sokoni, kisha baada ya siku mbili tatu inatoka mabaka, inalegea na kutoa maji, na wekundu haushiki. Mama mmoja wa Tanga, anayepokea mboga na matunda ya Usambara na kuyahifadhi kabla ya kuyasafirisha Dar es Salaam, alikuwa ameshapoteza matenga mengi kwa namna hiyo. Lakini siku aliyonipigia simu hakuzitaja nyanya. Thamostati ya chumba cha kwanza, kifaa kinachopima joto la chumba na kuamuru ubaridi uwake au uzime, ilikuwa imeungua kwa mara ya pili.

"Fundi, njoo na thamostati mpya kabisa, usije mikono mitupu ukanipotezea siku."

"Shikamoo Mama. Imeungua lini?"

"Marahaba. Jumatano, gari la Lushoto lilipofika."

"Na ile ya mwanzo?"

Akanyamaza kidogo. "Nayo siku ya gari."

Thamostati kuungua mara mbili si ajabu. Kuungua mara mbili, zote siku ya gari, kulinifanya nisipitie dukani. Nilikwenda na mita na bisibisi tu, pamoja na kijana ninayemfundisha kazi.

Ghala lina vyumba vitatu vya baridi. Cha kwanza ni cha karoti na kabichi, kimepangwa nyuzi 1. Cha pili ni cha plamu na pea, nacho nyuzi 1. Cha tatu kiliongezwa baadaye kwa ajili ya nyanya na embe, nacho ni nyuzi 12, maana nyanya ya kijani ikilazwa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 inaumia. Vyote vinategemea kompresa moja, pampu inayozungusha gesi ya ubaridi, ya fezi tatu (yaani nyaya tatu za moto), ya nguvu farasi 5. Kila chumba kina evaporeta yake (mabomba ya ndani yanayopoza hewa), solenoidi yake ya kufungua na kufunga njia ya gesi, na thamostati yake ya dijitali. Kwenye bomba la kurudi la chumba cha nyanya kuna vali inayozuia presha isishuke mno, ili evaporeta yake isipate ubaridi wa zile mbili. Aliyeunga mabomba alikuwa fundi mzuri, na upande huo sikugusa kitu.

Kinachotakiwa upande wa umeme ni rahisi kukitamka: kila thamostati ifungue solenoidi ya chumba chake tu, na yoyote kati ya zile tatu ikiomba ubaridi, kompresa iwake. Ugumu unatokana na kwamba thamostati ina pointi moja tu ya kutoa umeme. Waya huo mmoja unatakiwa kufanya kazi mbili, moja ya chumba kile peke yake na nyingine ya wote.

Nilipofungua paneli nililiona jibu la fundi wa mwanzo. Nyaya tatu zinazotoka kwenye thamostati tatu alikuwa amezikusanya terminali moja, na kutoka hapo waya mmoja ukaenda kwenye koili (sumaku ya umeme) ya kontakta, ile swichi kubwa inayowasha kompresa. Kabla ya kufika terminali, kila waya ulikuwa umechomolewa tawi la kwenda kwenye solenoidi ya chumba chake. Ukiutazama haraka mchoro huo unaridhisha. Chumba cha kwanza kikiomba, pointi inafunga, umeme unapita, solenoidi ya kwanza inafunguka, kontakta inavuta na kompresa inawaka.

Sasa fuata umeme huo huo polepole. Umefika terminali. Pale haukuwekewa mpaka. Unaingia kontakta, ndiyo, lakini unaingia pia waya wa thamostati ya pili, unarudi nao kinyumenyume hadi kwenye tawi, na kutoka kwenye tawi unafika solenoidi ya pili. Unafanya hivyo hivyo kwa ya tatu. Chumba kimoja kikiomba, vyote vitatu vinapozwa. Thamostati ya nyanya inaweza kuwa imezima taa yake kwa saa nane na chumba chake bado kinapigwa baridi kwa amri ya karoti.

Kijana hakuamini, kwa hiyo tulilijaribu mbele yake. Nilipandisha thamostati ya chumba cha tatu hadi nyuzi 25 ili isiwe na sababu yoyote ya kuomba. Chumba cha kwanza kilipowaka, nikamwambia aweke ncha ya bisibisi kwenye nati iliyo juu ya solenoidi ya nyanya. Bisibisi ikavutwa, ikang'ang'ania pale na mtetemo wake, kama sumaku inavyoshika msumari. Koili ilikuwa na umeme, na thamostati yake ilikuwa imelala. Kipimajoto cha chumbani kilisoma nyuzi 7. Hakikwenda chini ya 6 wakati wote tuliokaa pale, na sababu ni ile vali ya presha kwenye bomba la kurudi. Bila hiyo nyanya zingeshuka karibu na nyuzi za karoti, na Mama angeligundua tatizo wiki ya kwanza.

Hayo yalieleza nyanya. Kuungua kulihitaji kipimo kingine. Niliweka mguu mmoja wa mita kwenye waya wa moto unaoingia thamostati ya kwanza, na mwingine kwenye waya wa moto unaoingia ya tatu. Kama zote mbili zingekuwa fezi moja, mita ingesoma sifuri. Ilisoma volti 397.

Tukarudi kwenye bodi kubwa ya breka na kumuuliza Mama. Miezi michache nyuma fezi nyekundu ilikuwa inapata joto, fundi wa umeme akaitwa kusawazisha mzigo, akahamisha breka ya chumba cha tatu kwenda fezi ya njano. Kwa upande wake alifanya kazi sahihi. Hakuwa na namna ya kujua kwamba ndani ya paneli nyingine, ukuta wa pili, nyaya za vyumba hivyo zimefungwa pamoja. Tangu siku hiyo, thamostati ya kwanza na ya tatu zikiomba kwa pamoja, fezi mbili zinakutana uso kwa uso kupitia pointi ndogo mbili za thamostati. Shoti. Breka inakatika, kijana wa ghala anaipandisha, na pointi zinazidi kuungua.

Kwa nini basi haikuwa inatokea kila saa? Hapa ndipo kisa hiki kiliponikaa moyoni. Thamostati ya tatu ilikuwa karibu haiombi kabisa, kwa sababu chumba chake kilikuwa kinapozwa kwa makosa usiku na mchana. Iliomba siku moja tu ya wiki, gari lilipoingia na nyanya zenye joto la barabarani na milango ikakaa wazi. Kosa la kwanza lilikuwa linalificha la pili. Fundi ambaye angerekebisha baridi ya nyanya peke yake, kwa mfano kwa kukata tawi moja, angekifanya chumba cha tatu kianze kuomba kila mara, na shoti ingekuja siku hiyo hiyo mara kadhaa.

Kabla ya kueleza nilivyounga, niseme jambo la rangi, kwa sababu lilitaka kutudhuru. Nyaya za vyumba viwili vya zamani zilikuwa za rangi za zamani za Uingereza: nyekundu, njano na bluu ni fezi, nyeusi ni nyutro. Chumba cha tatu kilivutwa kwa kebo ya rangi mpya: kahawia, nyeusi na kijivu ni fezi, bluu ni nyutro. Ndani ya paneli moja, basi, nyeusi ilikuwa nyutro upande wa kushoto na fezi upande wa kulia. Tulipima kila waya dhidi ya ethi, tukavisha kila ncha gamba lenye namba, na kuanzia hapo tulitamka namba tu. Rangi hatukuzitaja tena.

Dawa ilikuwa relei, swichi ndogo inayovutwa na sumaku ya umeme. Relei inamtenganisha anayeomba na kinachotolewa. Thamostati inapeleka umeme wake kwenye koili na unaishia hapo, unarudi nyutro. Koili inavuta, na pointi zinazofungwa na mvuto huo hazigusani na koili wala hazigusani zenyewe kwa zenyewe. Nilichagua relei za duara za pini 8, zinazokaa kwenye kikalio, kwa sababu zinapatikana kila duka la umeme na mtu yeyote anaweza kuchomoa moja na kupachika nyingine bila kufungua waya. Koili yake ni pini 2 na 7. Pini 1 hukutana na 3 relei ikivuta, na na 4 ikilala. Pini 8 hukutana na 6 ikivuta, na na 5 ikilala. Ni swichi mbili kamili ndani ya kopo moja, na hicho ndicho kilichokuwa kinakosekana: pointi moja kwa ajili ya chumba, na nyingine kwa ajili ya wote.

Kwa hiyo relei tatu. Waya wa kila thamostati unaingia pini 2 ya relei yake, 7 inakwenda nyutro. Pini 1 na 3 zinapeleka umeme kwenye solenoidi ya chumba hicho pekee. Pini 8 za relei zote tatu zimeungwa pamoja kwenye waya wa moto mmoja, na pini 6 zote tatu zimeungwa pamoja kuelekea kompresa. Relei yoyote ikivuta, njia inapatikana. Na umeme ukirudi kinyumenyume kutoka pini 6 ya mwenzake unakuta pointi iliyo wazi. Hauna pa kwenda. Thamostati nazo zimepumzika. Zamani moja ilikuwa inabeba solenoidi tatu pamoja na koili ya kontakta, ambayo kwa kontakta ya ukubwa huu huchukua takriban VA 70 (volti mara ampea) wakati wa kuvuta na kushuka hadi kama 7 ikishashika. Sasa inabeba koili moja ndogo ya relei.

Kijana aliuliza swali zuri: kama relei inatenganisha, je, tungeweza kuiacha thamostati ya tatu kwenye fezi ya njano? Ndiyo, ingefanya kazi. Koili ingekuwa njano na pointi zingekuwa nyekundu. Nilikataa. Relei hizi zimeandikwa volti 250, na kuweka fezi mbili ndani ya kikalio kimoja ni kuweka volti 400 kati ya pini zilizo jirani. Tena, fundi atakayekuja baada yangu atazima breka moja, ataamini paneli imekufa, na ataweka kidole kwenye waya wa njano. Tulirudisha udhibiti wote kwenye fezi nyekundu chini ya breka moja ya ampea 6. Feni za chumba cha tatu, ambazo ndizo mzigo halisi, zilibaki njano na breka yake.

Wanaoomba wanaungwa sambamba, na wanaokataza wanaungwa mfululizo. Swichi ya presha ya juu, swichi ya presha ya chini na ovalodi ya mota (inayokata umeme mota ikizidiwa) zilipangwa moja baada ya nyingine kabla umeme haujafika pini 8 za relei, ili mmoja wao akikataa hakuna ombi litakalosikilizwa. Nimeona paneli ambamo swichi ya presha imewekwa kwenye njia ya thamostati moja tu, vyumba vingine vikiwa vinaizunguka. Kompresa za namna hiyo hazizeeki.

Umeme ukikatika na kurudi, kompresa haipaswi kuwaka papo hapo na presha bado haijalingana, kwa hiyo pini 6 hazikwenda moja kwa moja kwenye kontakta. Zilipitia taima ya dakika 3. Ila taima peke yake ingeleta kosa jipya: solenoidi zingefunguka mara moja, na kwa dakika tatu gesi iliyo katika hali ya kimiminika ingejaa evaporeta huku kompresa imesimama, kisha ikiwaka ingemeza kimiminika hicho. Dawa yake ni pointi ya pembeni ya kontakta, 13 na 14. Umeme wa solenoidi zote unapitia hapo kwanza, ndipo ufike pini 1 za relei. Kontakta isipovuta, hakuna solenoidi inayofunguka.

Mafundi wa majokofu wataniuliza kwa nini sikutumia njia ya kufunga solenoidi na kuiacha swichi ya presha ya chini izime kompresa yenyewe. Ni njia nzuri, na kwa mabomba marefu ndiyo ninayoipendelea. Kompresa hii ni ya zamani na vali zake zinavuja kurudi nyuma. Presha inapanda upesi baada ya kuzima, na ingekuwa inawaka na kuzima usiku kucha bila chumba chochote kuomba.

Tulipowasha, relei ya kwanza na ya tatu zilivuta na kuachia vizuri. Ya pili ilivuta, na chumba kilipotosheka haikuachia. Ililia mlio mwembamba kama nyuki ndani ya chupa. Kijana alipima pini 2 na 7 na kukuta volti bado zipo, akasema ni zile volti za kivuli nilizomfundisha, zinazorukia kebo ndefu iliyolala na kebo nyingine. Lakini volti za kivuli hazina nguvu ya kushika relei. Tukachukua balbu ya zamani ya wati 40 na kuiunga sambamba na koili: haikuwaka hata wekundu, ila relei ikaachia pale pale. Maana yake kulikuwa na mkondo mdogo wa kweli unaovuja, na balbu iliunyonya. Tulipofungua kifuniko cha thamostati ya pili tukaukuta mlango wake. Mtu alikuwa ameunga kapasita ya mikrofaradi 0.1, pamoja na rezista, kati ya pointi zake ili kuzima cheche za solenoidi. Kwa volti 230 na hezi 50, kapasita hiyo inapitisha karibu miliampea 7 hata pointi zikiwa wazi. Kwa solenoidi hiyo si kitu. Koili ya relei ya namna hii inatumia kama miliampea 10 hivi, na ikishavuta inashikilia kwa pungufu ya hapo. Tuliihamisha kapasita kutoka kwenye pointi na kuiweka kwenye miguu ya solenoidi yenyewe, ambako cheche inazaliwa.

Tuliondoka saa tatu usiku. Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita.

"Mwanangu, mashine imezima na haitaki kuwaka."

Swichi ya presha ya chini ilikuwa imekata, nayo ni ya kurudishwa kwa mkono. Hili lilikuwa langu. Tangu chumba cha tatu kiongezwe, kwa sababu ya lile kosa, kompresa ilikuwa haijawahi kufanya kazi na evaporeta pungufu ya tatu. Nilipozitenganisha, usiku ule ilifika saa ambayo nyanya peke yake ndiyo iliyoomba. Farasi 5 zikavuta kutoka kwenye evaporeta moja, tena yenye vali inayobana bomba la kurudi, na presha ikaporomoka hadi swichi ikakata. Chumba cha kwanza peke yake kiliweza kuishibisha kompresa, na cha pili vilevile. Nilivijaribu asubuhi ile kimoja kimoja nikiwa na geji mkononi. Cha nyanya hakiwezi.

Nilichofanya ni kutoa waya mmoja, ule wa pini 6 ya relei ya tatu. Chumba cha nyanya sasa hakina haki ya kuwasha kompresa. Kikiomba, relei yake inavuta na kusubiri. Karoti au plamu zikiwasha, umeme unapita pointi ya pembeni ya kontakta, solenoidi yake inafunguka na inapata sehemu yake. Niliogopa siku ya gari. Lakini gari lile lile linaleta na kabichi, na siku hiyo vyumba vya nyuzi 1 vinaomba karibu bila kupumzika. Kwa usiku wa kawaida nilikaa na daftari mara tatu: muda mrefu kuliko wote ambao kompresa ilisimama huku nyanya zikisubiri ulikuwa dakika 22, na chumba kilipanda kutoka nyuzi 12.4 hadi 13.1.

Mchoro nimeubandika ndani ya mlango wa paneli, umefunikwa kwa plastiki. Ncha ya waya ule uliotolewa tumeivisha kofia na kuiacha imekunjwa pembeni ya kikalio cha tatu, na gamba lake limeandikwa: "Usiunge hapa isipokuwa kompresa imebadilishwa kuwa inayoweza kupunguza nguvu yake."